Hakkoda: Upepo Kwanza, Theluji Baadaye

Ukitaka siku tatu za kuteleza kwenye theluji kwa skii, zile mbao ndefu za miguuni, huko Hakkoda, Japani, panga kulala siku tano. Milima hii iko kusini mwa mji wa Aomori, kaskazini kabisa mwa kisiwa cha Honshu, na haina utitiri wa lifti kama vituo vikubwa. Kuna behewa moja la waya, linaloning'inia kwenye kamba ya chuma, linalobeba watu 101 kwa mkupuo na kuwapandisha mita 650 hivi kwa muda wa dakika 10. Upepo ukichachamaa, behewa halitoki kituoni. Januari na Februari, miezi yenye theluji nzuri kuliko yote, ndiyo yenye upepo mkali, hivyo anayefika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili anacheza bahati nasibu.

Upepo huohuo ndio unaoleta theluji. Hewa baridi na kavu hutoka Siberia, ikapita juu ya Bahari ya Japani yenye maji ya vuguvugu kuliko yenyewe, ikabeba mvuke, kisha ikapanda milima na kuumwaga. Tarehe 26 Februari 2013, kina cha theluji Sukayu, upande wa magharibi wa milima hiyo, kilifika sentimita 566. Siku ya baridi kali theluji yake haifinyangiki mkononi. Humwagika kati ya vidole kama sembe. Ndiyo maana wenyeji husubiri dhoruba ipite bila kununa.

Behewa likianza kwenda, bado ujiulize: juu kunaonekana? Miti ya jamii ya msonobari iliyoko kileleni hufunikwa barafu na theluji mpaka ikawa kama majitu meupe, na Wajapani huyaita juhyo. Jua likiwaka hupendeza sana. Ukungu ukishuka, kila jitu hufanana na jingine na hujui tena mteremko uko upande gani. Mnamo Januari 1902 kikosi cha askari 210 kilipotea kwenye milima hii wakati wa mazoezi, wakafa 199. Siku ya ukungu baki kwenye njia mbili zenye alama, ile ya moja kwa moja na ile ya msituni. Ukiwa kwenye nguzo moja ya alama na huioni inayofuata, usiiache. Mmoja abaki hapo, mwingine asogee polepole huku wakiitana.

Nje ya njia hizo, chukua kiongozi wa hapo. Sababu ya kwanza ni usalama. Ya pili husahaulika: miteremko mingi mizuri huishia barabarani, mbali na kituo cha behewa, na viongozi huwa na gari la kuwachukua. Bila gari utabeba skii begani kando ya barabara yenye kuta za theluji pande zote mbili.

Sasa vifaa. Skii nyembamba za njia zilizoshindiliwa huzama. Tafuta zenye upana wa milimita 100 hadi 115 chini ya kiatu, na urefu unaokaribia kimo chako. Anayekukodisha atakuuliza uzito, kimo, umri na uzoefu wako, mwambie ukweli. Akipewa uzito wa uongo, vifungo vinavyoshika kiatu kwenye skii vitakiachia hovyo au, vibaya zaidi, vitagoma kukiachia wakati goti linapinda. Vaa soksi moja nyembamba ya sufu. Soksi mbili hazileti joto. Hubana damu, na vidole hufa ganzi. Pamba usiiguse kabisa, kwa sababu ikishika jasho haikauki. Beba glovu jozi mbili, na miwani yenye kioo cha manjano au waridi kwa siku za mawingu. Usiipandishe miwani juu ya paji la uso unapopumzika: mvuke wa kichwa huingia ndani, ukagandia kwenye kioo, na siku yako imeisha.

Kabla ya kuingiza kiatu kwenye kifungo, kwangua soli kwa ncha ya fimbo ya kutelezea au kwa ukingo wa kifungo. Theluji kidogo tu iliyogandia chini huzuia kisigino kushika sawasawa. Utasikia mlio, utadhani mambo tayari, na skii itachomoka kwenye kona ya kwanza.

Anayetoka kwenye njia zilizoshindiliwa huja na kosa moja: kuegemea nyuma ili ncha za skii zisizame. Mapaja huwaka moto baada ya kona kumi, na skii hazigeuki. Simama katikati, magoti na vifundo vya miguu vikiwa laini, mikono mbele mahali unapoiona. Kwenye njia iliyoshindiliwa uzito hukaa zaidi kwenye skii ya nje. Hapa gawa karibu nusu kwa nusu na usogeze miguu karibu, la sivyo skii moja huzama na nyingine huelea, ukapasuka katikati. Kisha ruhusu mwendo. Theluji ya unga hukuinua ukiwa na kasi, kama mtumbwi wa injini unavyoinuka majini. Ukienda polepole unalima. Kandamiza, inuka, geuka, kandamiza tena, kwa mdundo usiokatika. Mtu mwoga hufunga breki mwanzoni mwa kila kona na hapohapo huzama.

Utaanguka. Ukiusukuma mkono chini utaingia mpaka begani bila kugusa kitu, kwa hiyo laza fimbo zako mbili juu ya theluji kama msalaba na uegemee pale zinapokutana. Skii ikichomoka, watu wengi huitafuta chini yao. Mara nyingi iko juu, mahali ilipochomoka, imejichimbia. Pandisha kidogo, kisha kata theluji kwa fimbo mistari inayokaribiana.

Hatari isiyo na kelele ni shimo la mti. Matawi ya chini huikinga theluji, hivyo kuzunguka shina hubaki uwazi au theluji isiyoshikana. Mtu akitumbukia kichwa chini, kila anavyofurukuta huzama zaidi, na anaweza kukosa hewa mita chache tu kutoka kwa wenzake. Msituni toa mikono kwenye vitanzi vya fimbo na telezeni wawiliwawili, kila mmoja akimwona mwenzake. Kwamba “nilimsikia nyuma yangu” haitoshi. Ukihisi unaingia, kumbatia shina au tawi, kichwa kibaki juu. Ukishazama, acha kufurukuta, tengeneza nafasi ya hewa mbele ya uso na upige filimbi.

Kwa maporomoko ya theluji kila mtu abebe vitu vitatu: bikoni inayotuma mawimbi ya redio, ufito mrefu wa kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa na koleo la chuma. Februari 2007 poromoko liliua watu wawili milimani hapa. Washa bikoni mnapotoka na izimwe mkisharudi. Simu iwe angalau sentimita 20 kutoka kwenye bikoni inapotuma, na 50 unapotafuta, kwa sababu huingilia mawimbi. Ufito ukimgusa aliyefukiwa, uache hapohapo. Anza kuchimba upande wa bonde, umbali wa mara moja na nusu ya kina chake, ukimwendea kwa ubavu. Ukichimba kutoka juu unamkanyaga na kuishindilia nafasi yake ya hewa. Nafasi ya kumpata hai hupungua haraka baada ya dakika 10 hivi, kwa hiyo waokoaji ni ninyi mliopo.

Jioni ni ya Sukayu, nyumba ya wageni yenye maji ya moto, dakika chache kwa basi kutoka kituo cha behewa. Ukumbi wake mkubwa umejengwa kwa mbao za hiba, mti wa huko Japani, na unaitwa bafu la watu elfu, ingawa elfu hawaenei. Wanaume na wanawake huoga humo pamoja, maji yakiwa meupe kama tui. Kuna saa iliyotengwa kwa wanawake asubuhi na usiku, na huuzwa vazi la kuogea la kike. Bafu dogo limetenganishwa kwa jinsia, ila hata humo huingii na nguo. Anayejali stara zaidi aulize, kabla ya kuweka chumba popote, kama kuna bafu la kukodi faragha, ambalo Wajapani huliita kashikiri.

Jimwagie maji kabla ya kuingia, na kitambaa kidogo kisiguse maji ya bafu. Maji ya Sukayu yana asidi kali na salfa: yakiingia machoni yanawasha vibaya, pete ya fedha hugeuka nyeusi, na mchubuko wa kiatu utakukumbusha ulipo. Dakika tano hadi kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Kunywa maji kwanza, inuka taratibu, na kama ngozi yako ni laini jisuuze kwa maji ya kawaida.

Kufika si kazi: treni ya Hayabusa kutoka Tokyo hadi Shin-Aomori huchukua saa tatu na ushei, kisha kuna basi la JR kutoka stesheni ya Aomori hadi Sukayu. Majira ya baridi barabara hufungwa mbele ya hapo. Wenye pasi za Tanzania, Kenya au Uganda waombe viza mapema, na wabebe yeni taslimu. Anayekula halali atoe taarifa anapoweka chumba, kwa kuwa michuzi mingi hutiwa mirin, yaani pombe tamu ya mchele.

Ukirudi chumbani, chomoa bitana za viatu vya skii usiku huohuo na uzitundike kwenye chumba cha kukaushia. Zikibaki ndani, asubuhi zitakuwa mbichi na baridi, na behewa likitangazwa saa tatu utakuwa bado unahangaika na kiatu.