Paa la Nyumba ya Zamani Likaguliwe kwa Ndani

Wanunuzi wengi wa nyumba za zamani jijini Dar es Salaam huchunguza hati, hupima mipaka ya kiwanja, hufungua mabomba, kisha paa hulitupia jicho mara moja wakiwa wamesimama uani. Nimekagua nyumba kadhaa kwa ajili yangu na ya ndugu zangu, na msimamo wangu ni kwamba paa la zamani halipimwi kwa bati linaloonekana, bali kwa mbao zinazolibeba, ambazo huwezi kuziona mpaka upande darini.

Mwombe mwenye nyumba ngazi na ruhusa ya kupitia kwenye tundu la dari. Nenda mchana, jua likiwa kali, na ukishaingia uzime tochi kwa muda, kwa maana kila mahali palipotobolewa na msumari au kuliwa na kutu patajionyesha kwa nukta ya mwanga. Kisha iwashe, ufuate kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, hadi pale zinapokalia ukuta, kwa sababu maji yanayovuja huteremka na mbao mpaka hapo, na mchwa nao hupandia ukutani. Chukua bisibisi uichomeke kwenye papi, yaani mbao nyembamba ambazo bati hupigiliwa juu yake, na kwenye ncha za kenchi. Mbao nzima huikataa, lakini iliyooza huipokea kama mkate. Katika nyumba moja ya Kigamboni, ambayo bati lake lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya kupendeza, bisibisi ilizama karibu hadi kwenye mpini, ilhali uso wa mbao ile haukuwa na hata ufa. Mchwa walikuwa wamekula moyo wote na kuacha ganda.

Sisi wa pwani tuna taabu nyingine, nayo ni hewa ya chumvi. Bati la kawaida hulindwa na tabaka la zinki, na tabaka hilo likiisha, kutu huanzia kwenye vichwa vya misumari, kwenye kingo zilizokatwa, na pale bati moja linapolalia jingine, kwa kuwa maji hukaa humo muda mrefu. Bati jembamba hutoboka mapema zaidi. La geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba yake ni kubwa. Bati lililopakwa rangi karibuni litazamwe upande wa chini, ambako brashi haikufika.

Dari nayo husema mengi. Madoa ya kahawia yenye umbo la duara ni alama ya maji, na chumba kimoja kikiwa na dari iliyopakwa rangi mpya huku vingine vikiachwa, uliza sababu. Kama kuna wapangaji, zungumza nao dalali akiwa mbali, maana wao ndio wanaojua beseni huwekwa wapi wakati wa masika. Ukiweza, rudi siku moja baada ya mvua kubwa.

Nyumba nyingine za zamani zimeezekwa kwa karatasi nzito za kijivu za saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzinyuzi. Hizo usizikwangue, usizitoboe wala kuzivunja, kwani vumbi lake likivutwa huweza kusababisha saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Gharama ya kuziondoa kwa usalama ihesabiwe kabla hamjakubaliana bei.

Hesabu hiyo, pamoja na ya ukarabati wote, ifanywe na fundi uliyemtafuta mwenyewe, si aliyeletwa na dalali. Kubadilisha bati peke yake ni kazi ya kawaida, lakini kenchi zikiwa zimeoza, paa lote hushushwa, dari huharibika, na utanunua mbao zilizotiwa dawa pamoja na kulipa ufundi upya. Kiasi hicho kipunguzwe kwenye bei kabla ya kutia saini mkataba wala kutoa malipo ya awali. Mwenye nyumba akikataa mtu asipande darini, mimi hutafuta nyumba nyingine.