Mbona Crash anateleza? Maswali kuhusu mikusanyiko ya gemu za zamani

Crash Bandicoot ya kwanza niliimaliza nikiwa shule ya msingi. Sasa ninayo N. Sane Trilogy kwenye PS4, na lile daraja la The High Road limenishinda kabisa. Vidole vimezeeka au gemu imebadilika?

Gemu imebadilika. Vicarious Visions, waliotoa mkusanyiko huu mwaka 2017, hawakuhamisha programu ya zamani. Waliziunda upya gemu zote tatu na kuzipa mruko wa aina moja, ule wa gemu ya tatu, Warped. Matokeo yake, katika gemu ya kwanza Crash anashuka haraka kuliko alivyoshuka mwaka 1996, ilhali mapengo ya kuruka yamebaki yaleyale. Jambo la pili ni nyayo. Eneo ambalo mashine inalihesabu kuwa mwili wa Crash lina umbo la kidonge cha dawa, mviringo upande wa chini. Ukitua ukingoni, ule mviringo unakuteremsha shimoni huku macho yakikuambia umeshasimama.

Kwa hiyo lenga katikati ya ubao, usitafute ukingo. Shikilia kitufe cha kuruka mpaka Crash afike juu kabisa, maana ukikigusa na kuachia unapata mruko mfupi. Darajani tumia vishale vya padi, si fimbo. Fimbo ikiinama kidogo tu, Crash anakwenda mshazari. Ule ujanja wa kupanda kamba za pembeni na kutembea juu yake bado upo, ila uende polepole. Asiyezijua kabisa gemu hizi aanze na ya pili au ya tatu, ndipo arudi kwenye ya kwanza. Stormy Ascent, levo iliyoachwa nje mwaka 1996 kwa sababu ya ugumu wake, iwekeni mwisho kabisa.

Nimenunua diski ya Spyro Reignited Trilogy ya PS4, inaniambia nipakue. Nimeuziwa feki?

Hapana. Diski ina gemu ya kwanza. Ya pili na ya tatu lazima uzipakue kutoka intaneti. Tafuta Wi-Fi ya maana kabla ya kuigusa, au bando litakwisha njiani.

Kwenye mkusanyiko wa gemu za Mega Drive (mashine ya zamani ya Sega), nikitanua picha ijae juu mpaka chini, vigae vya sakafu vinatetemeka ninapokimbia. Nikiiacha ndogo, kuna weusi pande zote.

Iache ndogo. Mega Drive ilichora pikseli 320 kwa 224. Ukiijaza kwenye TV ya mistari 1,080 kwa umbo la 4:3 la TV za zamani, upana unakuwa nukta 1,440 za kioo. Gawanya kwa 320, unapata 4.5. Nusu ya nukta haipo kwenye kioo, kwa hiyo safu moja hupewa nukta 4, inayofuata 5, na picha ikianza kusogea tofauti hiyo ndiyo unayoiona ikitetemeka. Kwa wima hali ni mbaya vilevile: 1,080 kwa 224 ni 4.82.

Ukizidisha mara 4 kamili unapata 1,280 kwa 896, na kila pikseli ina ukubwa sawa na mwenzake. Weusi utakuwa nukta 92 juu, 92 chini, na 320 kila upande. Umbo linapanuka kidogo kuliko lilivyokuwa kwenye TV ya kichogo, lakini ni kasoro ndogo kuliko ule mtetemo. Kichujio cha kulainisha picha kinauficha kwa kuitia ukungu; mimi sikipendi. Ukitaka ile mistari myeusi iliyoonekana kwenye TV ya kichogo, iwashe ukiwa kwenye ukubwa huo kamili tu, la sivyo mistari yenyewe itakuwa minene hapa na myembamba pale.

Kagua pia mipangilio ya TV. Ikiwa inakata kingo za picha, hesabu yote hiyo imeharibika kabla hujaanza.

Mega Man Legacy Collection: maadui wakijaa, wengine wanawaka na kuzima, na gemu inazubaa. Kompyuta yangu ni dhaifu?

Kompyuta yako ni nzima. NES, mashine ya Nintendo ambayo gemu hizi zilitengenezewa, ilikuwa na uwezo wa kuonyesha vipande 8 tu vya wahusika katika mstari mmoja wa picha. Vikizidi, gemu huvipa zamu: hiki kwenye fremu (picha moja) hii, kile fremu ijayo. Digital Eclipse, waliotengeneza mkusanyiko huu mwaka 2015, waliacha kule kuwaka na kuzubaa makusudi, na walifanya vizuri. Baadhi ya mapigano yanapitika kwa sababu ya kule kuzubaa.

Sonic ya mkusanyiko inakwenda mbio kuliko ile tuliyocheza Mombasa miaka ya tisini. Wameiongeza kasi?

Hiyo ndiyo kasi yake halisi. TV zetu za PAL (mfumo wa picha wa TV wa kwetu) zilionyesha picha 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani 60. Sonic ilihesabu mwendo kwa picha, si kwa saa, hivyo ya kwetu ilikwenda kwa asilimia 83 hivi, na muziki ukaburuzika nayo. Mikusanyiko mingi hutumia toleo la 60. PlayStation Classic ya 2018, mashine ndogo yenye gemu za PlayStation ya kwanza, ilitoka na matoleo ya PAL kwa gemu 9 kati ya 20, na wachezaji walilalamika sana.

Na muziki wa Sonic 3 ndani ya mkusanyiko wa Sonic Origins, mbona si ule wa zamani?

Levo za Carnival Night, IceCap na Launch Base zimebadilishiwa nyimbo. Hakuna kitufe cha kurudisha za zamani. Aliyenunua Sonic 3 & Knuckles peke yake kwenye Steam, duka la gemu za kompyuta, kabla haijaondolewa mwezi Mei 2022 bado anayo kwenye akaunti yake, pamoja na nyimbo zake.

Nabonyeza, Mario anachelewa kuruka.

Washa hali ya gemu kwenye TV, ile inayozima urembeshaji wa picha. Fremu moja ni milisekunde 16.7, na TV inayorembesha inaweza kukuchelewesha fremu kadhaa. Ikiwa ni Super Mario 3D All-Stars na kamera nayo inakwenda kinyume na ulivyozoea, sasisha hadi toleo 1.1.0, kisha ugeuze mwelekeo kwenye mipangilio ya gemu.