Maswali na majibu: Wakili wa jalada la kijivu

Safu iliyopita niligusia kwa aya moja wakili anayeisemea serikali ya Marekani mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Kwao huitwa Solicitor General; nimemwita Wakili Mkuu wa Serikali kwa kuwa ndilo jina letu lililo karibu zaidi. Mmeniletea maswali mengi kuliko nafasi, nimechagua haya.

Redioni nilisikia kesi ya Trump iko "Mahakama Kuu". Wewe unaandika Mahakama ya Juu. Nani kakosea? (Morogoro)

Redio. Mahakama Kuu yetu hapa Tanzania si ya mwisho, juu yake ipo Mahakama ya Rufani. Ile ya Washington haina pa kukatia rufaa. Magazeti ya kwao huifupisha jina kuwa "High Court", na ufupisho huo ukitafsiriwa kavukavu ndipo inapozaliwa "Mahakama Kuu".

Shikamoo. Serikali ya Marekani ina maelfu ya mawakili. Huyu ana nini cha ziada? (Mwanafunzi wa sheria, Dodoma)

Marahaba. Ana ufunguo. Idara ya serikali ikishindwa kesi, kwa kawaida haikati rufaa yenyewe. Humwandikia Wakili Mkuu, naye ndiye anayesema twende au yaishe. Ofisi yake ni ndogo, mawakili kama 20 hivi, na kazi yao kubwa ni kusema hapana. Kila mwaka mahakama hupokea maombi kwa maelfu na kusikiliza kama 60 tu. Majaji wanne kati ya tisa wakikubali, kesi inaingia. Ukipeleka kila malalamiko ya kila wizara, utachokwa mapema.

Hoja za maandishi huletwa kama vijitabu vyenye rangi: mwombaji samawati, mjibu nyekundu, serikali kuu ya Marekani kijivu. Jaji akiona kijivu kwenye lundo, anajua nani kaandika kabla hajafungua. Tena wapo wanaogombana bila serikali kuwamo, tuseme kampuni mbili na hataza yao ya uvumbuzi, na bado mahakama humwomba Wakili Mkuu aseme kama kesi inastahili kusikilizwa. Huwasikiliza mawakili wa pande zote, anaandika maoni, na mara nyingi majaji huyafuata.

Ndiyo maana wengine humwita "jaji wa kumi". Jina hilo silipendi. Jaji hana mteja, huyu anaye, tena mteja mwenye jeshi na magereza. Alichonacho ni kuaminiwa, na kuaminiwa huko ni kama daftari la mkopo dukani kwa Mangi: unakopeshwa kwa sababu jana ulilipa. Wakili wa kawaida anaweza asionekane tena mbele ya majaji wale maisha yake yote, ila huyu watamwona tena baada ya siku chache. Kwa hiyo yapo mambo ambayo wakili wa kukodiwa hawezi kuyafanya lakini yeye huyafanya, kama kuiambia mahakama kwamba serikali ilishinda huko chini kimakosa na haikustahili.

Ina maana hajawahi kuidanganya mahakama? (Kisumu)

Amewahi kuficha, na kilichofichwa ni kizito. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Marekani iliwahamisha kwa nguvu watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Japani na kuwaweka kambini. Wengi walikuwa raia wa Marekani. Fred Korematsu alikataa kuondoka, akashtakiwa. Kesi yake ilipofika juu, Wakili Mkuu alikuwa Charles Fahy. Ofisini kulikuwa na ripoti ya afisa wa ujasusi wa jeshi la majini, Ringle, iliyosema kwamba wa kutiliwa shaka ni wachache na wale hatari zaidi wanajulikana tayari. Mawakili wa chini yake walimtahadharisha kwamba kukaa kimya kunaweza kuwa sawa na kuficha ushahidi. Majaji hawakuambiwa. Korematsu akashindwa mwaka 1944, kura 6 kwa 3.

Hukumu ya kumtia hatiani ilifutwa 1983 na mahakama ya chini. Lakini ofisi yenyewe ilikuja kukiri hadharani Mei 2011, kwa mkono wa Neal Katyal aliyekuwa akikaimu. Hesabu mwenyewe: miaka 67. Korematsu alikuwa ameshafariki, 2005.

Mzee wangu husema Mmarekani mweusi aliandika haki za katiba ya Kenya. Ni kweli au hadithi za mzee? (Nakuru)

Mzee hajakosea sana. Thurgood Marshall alikuja na ujumbe wa Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, kwa mwaliko wa Tom Mboya, akaandika rasimu ya haki za binadamu. Aliyepigania weusi walio wachache kwao alijikuta akiandika kinga za wazungu na Wahindi walio wachache Kenya, na aliona ni sheria ileile. Mwaka 1965 aliacha ujaji wa maisha ili awe Wakili Mkuu, cheo ambacho rais anaweza kukuvua kesho. Miaka miwili baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu.

Mwanangu amezaliwa hapa 2019. Ile kesi ya uraia inamgusa? (Mama, Minneapolis)

Mama, amri ya Trump ya Januari 2025, ya kuwanyima uraia baadhi ya watoto wanaozaliwa Marekani, ililenga watoto wa kuzaliwa baada ya siku 30 tangu itolewe. Wa 2019 hayumo. Na tazama ujanja wa Wakili Mkuu, John Sauer: alipofika mahakamani Mei 2025 hakuomba majaji waseme kama amri ni halali. Aliuliza kama jaji mmoja wa chini anaweza kuizuia nchi nzima. Akashinda swali hilo 27 Juni, 6 kwa 3, na hukumu hiyo haikugusa uhalali wa amri.

Ni sawa na Wakili Mkuu wetu? (Tabora)

Jina tu. Ofisi yetu ilianzishwa 2018, inaendesha mashauri ya madai na usuluhishi tangu ngazi za chini. Jinai ni za Mkurugenzi wa Mashtaka.

Nasikia huyo wa Marekani huvaa kama bwana harusi wa kizamani. (Tanga)

Naam. Koti jeusi lenye mkia nyuma na suruali ya mistari ya kijivu. Elena Kagan, mwanamke wa kwanza kuthibitishwa kwenye cheo hicho, alisimama Septemba 2009 na suti ya kawaida na dunia haikuanguka. Sauti ya mahakama hurushwa moja kwa moja tangu Mei 2020. Kikao cha asubuhi huangukia saa kumi na mbili jioni kwetu, au saa kumi na moja wakisogeza saa zao, na mimi huisikiliza nikichambua mchele. Kamera haziruhusiwi, kwa hiyo koti utalichora mwenyewe kichwani.