Kanisa lisilo na dhehebu ni kanisa gani?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Muangalikana, naishi Mbweni. Nilibatizwa mtoto mchanga Mkunazini, na binti yangu nilimpeleka kwenye kisima kile kile cha ubatizo. Sasa ana miaka 24, anafanya kazi hotelini Paje, na huko anasali na watu wanaokusanyika katika ukumbi wa kukodi, ambao wanajiita kanisa lisilo na dhehebu. Ameniambia kwamba mwezi wa Julai atabatizwa baharini. Jirani yangu Muislamu aliponiuliza, “Hao sasa ni madhehebu gani?” nilikosa la kumjibu. Wanaamini nini hasa? Je, ubatizo wake wa kwanza haukuwa ubatizo? Na nikienda kushuhudia, nitakuwa nimekubali? — Mama wa Mbweni

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na swali la jirani yako, kwa sababu hapa Unguja neno hilo lina uzito wake. Dhehebu limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kwenda, nalo ni njia anayoishika mtu ndani ya dini yake. Sisi tumeishi na njia hizo tangu zamani: Waislamu walio wengi hapa ni Masunni wa Kishafii, masultani walikuwa Maibadhi, na mjini wako Maithnaasheri na Mabohora. Kwa hiyo Mzanzibari akiambiwa kuna kanisa lisilo na dhehebu, huelewa kwamba hao ni watu wasio na njia. Wenyewe hawakusudii hivyo. Wanachosema ni kwamba hawako chini ya dayosisi, sinodi wala makao makuu yoyote, kwamba kila kusanyiko hujiongoza lenyewe, na kwamba jina la Mkristo linawatosha. Jirani mwambie hivyo, ataelewa.

Katika kiini cha imani, binti yako hajaenda mbali na nyumbani. Makanisa mengi ya aina hii yanamkiri Mungu mmoja katika Utatu, na yanamkiri Yesu kuwa Mungu kweli na mtu kweli, aliyezaliwa na bikira, akafa msalabani, akafufuka siku ya tatu na ambaye atarudi. Yanafundisha kwamba mtu huokolewa kwa neema kwa njia ya imani, kama ilivyoandikwa katika Waefeso 2:8-9, na kwamba Biblia ndiyo mamlaka ya mwisho. Ukiomba tamko lao la imani ukaliweka kando ya Kanuni ya Nikea unayoikiri kanisani, huenda ukashangaa jinsi yanavyofanana. Tofauti ni kwamba wao hawaikiri kwa pamoja ibadani, kwa kuwa wanaona kwamba maneno yaliyotungwa na wanadamu, hata yakiwa ya kweli, hayapaswi kumfunga muumini kama Maandiko yanavyomfunga. Hapo huwa nawakumbusha kwa upendo kwamba hata Biblia tuliyonayo mkononi haikutufikia bila dayosisi: Askofu Edward Steere, yule aliyejenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuanza kuitafsiri kwa Kiunguja.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1804 huko Kentucky, Marekani, Barton Stone na wenzake waliivunja kwa hiari yao halmashauri waliyokuwa wameiunda ya Kipresbiteri, yaani ya Waprotestanti wanaoongozwa na mabaraza ya wazee, wakitaka waitwe Wakristo tu. Thomas Campbell, mchungaji kutoka Ireland, alikuwa ameshutumiwa na wakuu wake kwa kuwaalika kwenye Meza ya Bwana Wapresbiteri wa matawi mengine, na mwaka 1809 akaandika wito wa umoja juu ya msingi wa Maandiko peke yake. Walikuwa wakisoma 1 Wakorintho 1, pale Paulo anapowakemea waliosema mimi ni wa Paulo, mimi ni wa Apolo. Makundi hayo mawili yaliungana mwaka 1832, lakini baadaye waliokataa madhehebu wakagawanyika wao kwa wao, jambo ambalo linaniumiza kila nikilikumbuka. Wala si kila kanisa huru la leo linatoka huko. Mengi yamezaliwa juzi tu, baadhi yakinena kwa lugha na mengine hayataki kabisa, kwa hiyo jina peke yake halitakueleza yote.

Sasa ubatizo, ambao naona ndio unaokukosesha usingizi. Mimi nililelewa katika dayosisi kama wewe, na nikabatizwa kwa kuzamishwa nikiwa mtu mzima, kwa hiyo nyumba zote mbili nazijua. Kanisa lako linafundisha kwamba ubatizo ni wa mara moja, kwamba mtoto hupokelewa kwa imani ya kanisa na ya wazazi, na kwamba akikua huithibitisha ahadi hiyo katika kipaimara. Wao wanasoma Matendo 8, ambapo towashi wa Kushi aliamini kwanza ndipo akateremka majini pamoja na Filipo, na Warumi 6, ambapo kuzama ni kuzikwa pamoja na Kristo na kuibuka ni kufufuka naye. Ndiyo maana mtoto mchanga humwombea na kumweka wakfu tu, na ndiyo maana hawasemi kwamba binti yako anabatizwa mara ya pili. Kwao hii ndiyo mara ya kwanza. Siwezi kukuambia kwamba mafundisho haya mawili yanapatana, maana hayapatani. Lakini sikumwambia mama yangu hata siku moja kwamba alichonifanyia kilikuwa bure, na binti yako naye asikuambie. Jina la Yesu analotaka kulikiri leo alilisikia kwako.

Ukihudhuria ibada yao, pengine utakapojisikia mgeni zaidi ni kwenye Meza ya Bwana. Hakuna altare, hakuna padri mwenye kanzu, hakuna kupiga magoti. Sinia ya vikombe vidogo vya juisi ya zabibu hupita mkono kwa mkono kati ya viti vya plastiki, kwa wengine kila Jumapili na kwa wengine mara moja kwa mwezi, nao huiita ukumbusho. Nyimbo na mahubiri marefu utayazoea. Sadaka ni ya hiari, ingawa baadhi yao husisitiza zaka.

Jambo ambalo ningekuomba ulichunguze ni uongozi. Kwa kuwa hakuna askofu wa kukimbiliwa, kusanyiko lenye afya huwa na wazee kadhaa wanaomchunga hata mchungaji mwenyewe, na mashemasi wanaohudumia wahitaji. Niliwahi kusali mahali ambapo mtu mmoja ndiye aliyekuwa mchungaji, mzee na mtunza fedha, na alipokosea hapakuwa na wa kumwambia. Watu walitawanyika, na wengine hawajarudi kanisani hadi leo. Mwulize binti yako wazee wao ni akina nani, na hesabu za sadaka husomwa mbele ya nani. Kama majibu yapo, mwache aendelee kwa amani. Kama hayapo, mzuie hata kama tamko la imani ni zuri.

Na wewe nenda. Kusimama ufukweni si kuikana imani yako, wala hakuna atakayekudai neno lolote. Mwambie tu binti yako wawaulize wavuvi saa ya maji kujaa. Nilihudhuria ubatizo mmoja pwani hiyo hiyo ya mashariki tukakuta maji yamepwa. Tulitembea kwa muda mrefu kati ya vigingi vya mwani, wenye mashamba wakitutazama, na mchungaji alipoona maji hayapiti magoti, ikabidi dada yule akae kwanza ndipo alazwe chali. Julai ni kusi, na upepo wa Paje ni mkali. Mchukulie kanga kavu, doti nzima, na uwe karibu atakapotoka majini.