Kwa mliofika Seoul muhula huu: jihadharini na yanayofanana na ya kwetu

Wadogo zangu mliofika Seoul muhula huu, nawaandikia kwa upendo na kwa uchovu kidogo. Tangu Septemba ianze nimeshamwona mmoja wenu amejinyoosha kwenye viti vya pembeni mwa behewa la treni ya chini ya ardhi, Line 2, mwingine akimwaga mifupa ya kuku katika pipa la mabaki ya chakula, na wa tatu, ambaye ndiye aliyenifanya nikae kuandika, akimjibu profesa wake kwa tabasamu pana kwamba anakula kila kitu, ilhali bweni zima linajua kwamba nguruwe hali. Siku ya maelekezo mlifundishwa mambo yaliyo tofauti na kwetu: vijiti vya chuma, baridi ya Januari, supu inayochemka hadi mezani. Hayo hayatawaangusha, kwa sababu mnayaogopa. Yatakayowaangusha ni yale yanayofanana na ya kwetu, yaani heshima kwa wakubwa, kula pamoja na ukarimu wa mwenyeji. Mkiyaona mtajiambia kwamba hayo mliyanyonya pamoja na maziwa, na kuanzia hapo hamtauliza tena.

1. Viti vya wazee. Katika daladala au matatu kijana huketi popote, kisha mzee akiingia humpisha, na abiria wakaona kwamba amelelewa. Hapa viti vya kila ncha ya behewa huachwa vitupu hata wakati ambapo wanafunzi wamebanana katikati wakisinzia wamesimama. Adabu si kumpisha mzee. Adabu ni kumwondolea haja ya kusimama mbele yako akisubiri. Viti vya rangi ya waridi ni vya wajawazito, na kwa kuwa mimba changa haionekani, msijipe kazi ya kuwakagua watu matumbo ndipo muamue.

2. Hoesik, yaani mlo wa pamoja wa kazini au maabara. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipomaliza mwaka wa lugha na kuingia maabara, mwanafunzi mkubwa aliyekuwa kiongozi wetu aliniandikia kwenye Kakao, programu ya ujumbe inayotumiwa hapa, akiniuliza kama kuna chakula nisichokula, kwa sababu profesa alitaka kutupeleka sote tukale jioni ya Ijumaa. Nilijibu kwamba hakuna, nakula chochote, nashukuru sana. Mimi ni mtoto wa Tanga, Mwislamu, niliyefundishwa kwamba mgeni hachagui wala hamwelekezi mwenyeji cha kupika. Nilidhani nikifika nitachukua wali, majani na vibakuli vya pembeni, na hakuna atakayenitazama. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu mwenye shughuli zake aliacha utafiti wake ili aniulize swali hilo.

Tukapelekwa kwenye samgyeopsal, yaani nyama ya tumbo la nguruwe inayochomwa mezani. Mnajua kwamba katika meza ya namna hiyo mdogo kuliko wote, au mgeni kuliko wote, ndiye anayeshika koleo na mkasi, na jioni ile vyote viwili viliangukia mikononi mwangu. Nikawa nageuza vipande vya nguruwe kwa bidii ya mchoma mishkaki wa Forodhani, nikivikata, nikiwagawia wakubwa, huku nikimwomba Mungu aliangalie tumbo langu tupu asiyaangalie mapaja ya suruali yaliyotapakaa mafuta. Profesa alinisifu mbele ya wote. Kisha akafanya lile ambalo mkubwa wa Kikorea humfanyia mtu aliyempendeza: akatandaza jani la saladi kiganjani, akaweka wali, nyama, kitunguu saumu na ssamjang, rojo ya soya na pilipili, akalikunja likawa tonge, akaninyooshea kwa mkono wake mwenyewe.

Kila mmoja wenu anajua maana ya tonge la mkubwa, nami nilijua, na kwa sababu nilijua nilikosea zaidi. Nililipokea kwa mikono miwili, nikageuka pembeni kama anayekunywa soju, pombe ya hapa, mbele ya mzee, nikalifunga katika karatasi ya mezani na kulitia katika mfuko wa koti. Akafurahi, akakunja la pili. Nalo likaingia mfukoni. La tatu lilipokuwa linatengenezwa nilidai kwamba nyumbani wananipigia simu, nikatoka nje, nikasimama karibu na mashine ya kahawa nikizungumza na simu iliyozimika.

Niliporudi, doa la mafuta lilikuwa limeshapenya kitambaa cha koti, na msichana niliyeketi naye alikuwa ameliona na kuelewa. Profesa hakunigombeza hata kidogo. Alimgeukia kiongozi wetu na kumwuliza, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele, kwa nini hakumwuliza mgeni anakula nini. Yule bwana aliinamisha kichwa akaomba radhi. Hakusema kwamba aliniuliza. Ujumbe wangu ulikuwa katika simu yake, na angeweza kuutoa hapo hapo. Hakuutoa, kwa kuwa kumjibu profesa namna hiyo kungekuwa kosa la pili, na kunishitaki mimi, mdogo wake, kungekuwa la tatu. Nami, badala ya kusema kwamba uongo ulikuwa wangu, nilinyamaza, kwa maana Kikorea chote nilichokisoma kilinitoka kichwani.

Kesho yake nilimfuata kuomba msamaha, akaniambia tu kwamba siku nyingine niandike ukweli, kisha akarudi kwenye takwimu zake. Kwa muda mrefu baada ya hapo maabara yetu ilikuwa ikila samaki. Hakuna aliyenieleza sababu, lakini niliwaona wenzangu wakiipita mikahawa ya nyama na kuichungulia. Ninachotaka mkielewe ni mpangilio wenyewe: hapa seonbae, yaani aliyekutangulia, hubeba lawama ya mdogo wake, kwa hiyo unapoficha jambo kwa adabu unamtwisha mtu mwingine. Semeni mapema, semeni kwa yule aliyewauliza, na semeni kwa maandishi. Dwaejigogi mot meogeoyo, yaani siwezi kula nguruwe. Hakuna mwenyeji aliyewahi kukasirika.

Kuhusu pombe ni vivyo hivyo, ila ni rahisi zaidi: aliyesema mapema hujaziwa soda katika glasi ndogo, huishika kwa mikono miwili, humjazia mkubwa wake, na jioni hupita salama.

3. Nguruwe aliyejificha. Yumo katika jajangmyeon, tambi za mchuzi mweusi, mara nyingi katika kimchi jjigae, mchuzi wa kimchi, na sundubu, mchuzi wa tofu laini, na ndani ya kimbap, wali uliokunjwa kwa mwani, hujificha kama ham, nyama ya nguruwe iliyosindikwa, ambayo huondolewa ukisema haem ppaejuseyo, yaani toa ham. Sundae, utumbo wa nguruwe uliojazwa damu, ndugu zangu wa Kenya wataitambua kwa jicho moja kuwa ni binamu wa mutura; ndugu zangu wa Zanzibar waipite mbali. Nyama halali iko mtaa wa Itaewon, kwenye mteremko wa msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1976. Lakini msikimbilie huko kila siku mkaikosa meza yenyewe. Dagaa wadogo waliokaangwa kwa sukari na mchuzi wa soya, myeolchi bokkeum, wamenituliza siku nyingi kuliko ugali wa unga wa kutafutwa. Na mwani! Sisi tunaokaa kando ya Bahari ya Hindi tunaulima, tunauanika, tunausafirisha, na ni wachache wanaouweka sahanini. Hapa mama aliyejifungua hupewa supu ya mwani, na kila mtu huinywa siku yake ya kuzaliwa. Mwani wa supu hiyo si wa aina ile ya Paje, najua, msiniandikie.

Vibakuli vya pembeni huongezwa bure, lakini msiviache vimejaa.

4. Malipo. Kwetu aliyealika ndiye hulipa, na hapa pia, ila mkubwa huhesabiwa kuwa amealika hata kama wazo lilikuwa lako. Usipigane naye kaunta. Mkihamia mahali pa pili, kahawa inunue wewe, wala usiache bakshishi, kwa sababu mhudumu atakukimbiza barabarani akikurudishia pesa yako.

5. Umri. Mtaulizwa mwaka wa kuzaliwa kabla hamjaketi. Sheria iliacha hesabu ya zamani ya umri mwezi Juni 2023, lakini tofauti ya mwaka mmoja bado huamua nani amsemeshe nani kwa namna gani. Sisi shikamoo humwendea mtu aliyetuzidi kwa dhahiri. Wenzetu hupima kwa rula. Jibuni tu. Kupeana vitu mnajua tayari: mkono wa kulia hutoa na wa kushoto hushika kiwiko, kama tulivyofundishwa na bibi zetu.

6. Mengineyo, kwa sababu mnaniuliza kila wiki. Gusisheni kadi ya nauli ya T-money kwenye mashine mnaposhuka basi, la sivyo mtapoteza nafuu ya kuunganisha safari. Mifupa na maganda ya mayai ni taka za kawaida na huingia katika mfuko rasmi wa taka wa wilaya yenu, si katika mabaki ya chakula. Ramani tumieni ya Naver, programu ya Kikorea. Kazi ya muda bila kibali cha uhamiaji msiiguse, hata kama mwenye mkahawa ni mtu mwema.

7. Chuseok, sikukuu ya mavuno. Tiketi za treni huisha mapema na kantini ya bweni hufungwa, kwa hiyo nunueni chakula kabla ya mkesha. Atakayealikwa nyumbani kwa mtu, ambayo ni bahati kubwa, apeleke sanduku la matunda. Ofisi nyingine hugawa zawadi za sikukuu, na msishangae mkipewa kasha zuri la makopo ya Spam, nyama ya nguruwe ya kopo, lililofungwa kama dhahabu. Lipokeeni kwa mikono miwili, shukuruni kwa moyo, kisha mtafuteni Mfilipino wa ghorofa ya chini, ambaye huwa na makopo ya jodari na yuko tayari kubadilishana.