Wilaya ya Bieszczady ina gmina tatu tu

Je, Bieszczady imegawanywaje? Wilaya hiyo (powiat) iko pembe ya kusini-mashariki kabisa ya Poland, mkoa wa Podkarpackie, na ina gmina tatu, yaani sehemu ndogo za utawala wa mitaa: Ustrzyki Dolne, Czarna na Lutowiska. Ustrzyki Dolne ndiyo makao makuu na mji pekee. Kwingine ni vijiji, misitu na milima.

Usisahau historia: Ustrzyki Dolne, Czarna na Lutowiska zilirudi Poland mwaka 1951, kwa mabadilishano ya ardhi na Umoja wa Kisovieti. Lesko, iliyokuwa sehemu ya wilaya hiyo, ilijitenga mwaka 2002 ikawa wilaya yake.

Ukipenda milima, nenda Lutowiska. Kilele cha Tarnica, mita 1,346, kiko huko, karibu na mpaka wa Ukraine.