Plasta? Usithubutu. Mpigie mzazi kwanza

Nimesoma ulivyoandika: umepata field kwenye kituo cha kutunza wanyama hapa Unguja, mwezi wa saba utasimamia kambi ya likizo ya watoto. Umeuliza posho, nguo, na kama asiyewajua punda atafaa. Mwisho ukatupia: "Kwa mikwaruzo midogo nitabeba plasta, sitowasumbua wazee."

Hapo chai ikanipalia. Mdogo wangu, mie nilikuwa wewe.

Siku ya nne ya kambi, mtoto wa miaka minane alimvuta mkia paka mmoja chongo tukimwita Bwana Sheha (jina nililompa mie, nishatubu). Paka akampapura mkono, damu matone mawili. Nikamkimbilia msimamizi wangu, mtu wa miaka mingi na wanyama. "Paka wetu wote wamechanjwa," akasema. "Mtie plasta, mama yake usimwambie, watatuharibia kambi." Nikatii. Mtoto nikampa peremende anyamaze. Naam, nilimhonga mtoto wa skuli kwa peremende.

Usiku mama yake anamkosha, plasta ikabanduka. Saa tatu simu ikalia. Kidonda hakukiuliza kabisa, aliuliza: "Kwa nini mwanangu kaambiwa anifiche?" Ungemjibu nini wewe?

Asubuhi tukaitafuta kadi ya chanjo ya Bwana Sheha. Haipo. Kumbe aliokotwa Darajani wiki ile ile, akachanganywa na wenzake hajachomwa sindano. Huyo ndiye "wote wamechanjwa" wa msimamizi wangu!

Kichaa cha mbwa hakiishii kwa mbwa, paka naye hukibeba, na dalili zikishatoka kwa binadamu huwa ni msiba. Basi daktari hakungoja. Mtoto akachomwa siku hiyo, akarudi siku ya 3, akarudi siku ya 7. Safari zote nilimsindikiza kwa nauli yangu, mama yake kakaa kati yetu kwenye daladala, hasemi kitu. Paka tukamfungia siku 10 tukimwangalia kama atatoa dalili. Siku ya kumi mzima, kanenepa, ananitazama kwa lile jicho moja kama mie ndiye niliyekosa. Daktari akasema sindano basi.

Msimamizi je? Kikaoni alisema, "Mwanafunzi hakuniarifu." Mola amsamehe, mie bado.

Kwa hiyo sikiliza. Ngozi ikichubuka, hata iwe kama uzi, mpeleke bombani. Sabuni, maji yatiririke, dakika 15 kamili ukitazama saa, si kuchovya kwenye ndoo. Atalia, imba naye. Mkono wako mwengine ushike simu, mzazi aambiwe mtoto angali bombani. Msimamizi anafuata baadaye. Akikwambia subiri, unamjibu: "Mzazi kishapokea simu."

Mbwa akimramba mtoto, wazee watakuuliza najisi kabla ya yote. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, hilo wanalijua kuliko wewe. Lakini ulimi ukipita penye mchubuko, dakika zako 15 za sabuni zitangulie, udongo usikaribie kidonda, tena simu ile ile.

Uliuliza nini tena? Vaa viatu vya kufunika, na nyuma ya punda usipite.

Mama yule tunakutana sokoni mara moja moja. Salamu anaitikia. Watoto wake watatu hakuwarejesha kambini.